Mwanangu Anakariri, Hasomi, na Boma Limemchagua

Wasomaji wa ukurasa huu, na ninyi mnaosomewa, habari za huko mliko. Mhariri amekubali kunifichia jina, nami namshukuru, maana hapa kwetu Newala watu wanajuana mpaka kikohozi. Nilizaliwa Masasi mwaka ule Wangoni walipotuvamia, kwa hiyo umri wangu hesabuni wenyewe. Mimi najiona mzee. Ni mjane. Mume wangu alikwenda vita vya maji na kichupa cha dawa shingoni, hakurudi. Aliniachia mtoto mmoja wa kiume, nitamwita Saidi, ana miaka kumi na mitatu.

Saidi si mjinga. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulisikia. Ukimtuma na salamu za watu kumi, atazifikisha zote na sauti zao. Lakini mpe kitabu. Mwaka wa kwanza katika shule ya serikali alikuwa akirudi mgongo umevimba. Nikamuuliza, "Kwani ukitazama ukurasa unaona nini?" Akasema, "Mama, herufi hazikai. Nikizijua leo, kesho zimekuwa nyingine. Hii na hii mwalimu anasema ni mbili, mimi naona ni moja imegeuka."

Nilikwenda kwa mwalimu wake, nikapiga goti nikamwambia shikamoo. "Marahaba, Mama Saidi," akasema. "Mwanao mvivu. Kiboko kitamfundisha." Nilirudi na hasira, na hasira ile ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo.

Nilifanya jambo nililoliona la akili. Nilimwomba jirani yangu, mwanamke aliyelelewa misheni, anifundishe hizo herufi za Kizungu ili nami nimfundishe mwanangu. Miezi mitatu tu nikajua kusoma, najifunza huku natwanga. Nikamfundisha, herufi zikamtoroka vilevile. Iliniuma sana. Mimi wa kinuni nimejua, na anayeshinda darasani hajui!

Basi nikaacha kumfundisha, nikaanza kumkaririsha. Maji yetu yako chini bondeni, tunaondoka kukipambazuka. Tukishuka namsomea somo la siku hiyo, tukipanda na mitungi ananirudishia neno kwa neno, mpaka mahali pa kufungua ukurasa. Viboko vikakoma. Mwalimu akaanza kumsifu. Hakushtuka hata kidogo, maana yeye mwenyewe amekulia chuo cha Kurani, na huko mtoto akitiririka bila kukosea huyo amesoma, nani atamuuliza zaidi? Nami nikajidanganya kwamba kusoma kwenyewe kutakuja polepole.

Mwezi uliopita akida alikuja shuleni na bwana mmoja wa boma la serikali. Saidi akasimama na kitabu, akashusha kurasa nne kama maji. Bwana yule akacheka kwa furaha. Akida akatangaza palepale kwamba baada ya Idi Saidi ndiye atakuwa msomaji wa barua za boma kwenye baraza la kijiji chetu na viwili vya jirani. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtanisamehe, na mimi nilipiga.

Barua za boma huja zimefungwa, tarishi humkabidhi msomaji mbele ya watu wote. Hapana nafasi ya mama kuzisoma kwanza. Ndani yake kuna majina ya watakaokwenda kazi, na siku, na mahali. Mwaka jana kijiji kimoja huko bondeni kilisomewa siku isiyo yake, watu wakachelewa. Wazee walilazwa chini wakapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano kila mmoja, na msomaji akaondoka na mnyororo shingoni. Alikuwa kijana mkubwa mwenye ndevu. Wangu hata sauti haijavunjika.

Nikisema ukweli, shule itamtoa, na vijana wa umri wake wasio na shule wanapelekwa mashamba ya katani kule Lindi. Na mimi, mke wa mwasi, nitaambiwa nimelichezea boma. Nikinyamaza, mnajua.

Tangu siku ile kitabu nimekiweka kando. Namwaga unga wa muhogo kwenye ungo, Saidi anachora herufi moja kwa kidole, kubwa, huku anaitamka, anaifuta, anairudia. Wasomaji, njia hii imeshika! Wiki tatu amepata herufi tisa na hazimtoroki tena. Ningeanza hivi miaka mitatu iliyopita, badala ya kumfundisha kudanganya, leo angekuwa anasoma. Kosa ni langu, silisukumi kwa mwalimu wala kwa mtoto.

Juzi nilimkuta uani ameshika karatasi tupu, anajizoeza kusimama kwenye baraza. Anasema kwa sauti nzito ya kujitia ukubwa: "Boma linasema, wote waliochukuliwa wakati wa vita watarudi kwao. Kila mtu alime shamba lake."

Nikamwambia, "Saidi, hapana barua ya namna hiyo."

"Najua, Mama. Lakini nikisimama pale na sioni kitu, si afadhali niseme jambo watu wanalotaka kulisikia?"

Nilikaa chini, na Mungu anisamehe, nilitaka aendelee.

Ramadhani inaandama wiki ijayo. Kuna mama kati yenu aliyezaa mtoto wa namna hii? Herufi zilizobaki zitaingia kwa mwezi mmoja? Niende kwa akida nikaanguke miguuni pake, au nimvushe Ruvuma kwa wajomba zake na nisimwone tena? Silali, sili. Nipeni shauri lolote, hata la kunitukana nitalisoma. Maana kila asubuhi Saidi ananiuliza tutafanyaje, na ninamwambia asiogope, mama yake anajua.