Mama Mkwe na Funza wa Kambale

Jua halijapanda sawasawa, na tayari Mama Funza ameinamia mabeseni yake nyuma ya nyumba. Anafukua maganda ya mapapai yaliyooza kwa mkono mtupu, na chini yake funza wanene wanafurukuta. Mwandishi anarudi nyuma. Mama Funza anacheka.

"Sogea bwana, hawaumi! Hiki ndicho chakula cha samaki wangu."

Jina hilo la Mama Funza alibandikwa na majirani kwa dhihaka. Siku hizi analiitikia kwa maringo. Anafuga kambale kwenye bwawa dogo la turubai. Zamani aliwalisha dagaa wa kusaga, mpaka bei ya dagaa ilipopaa akaanza kuwapunja. Samaki wakadumaa. Ndipo mfugaji mwenzake akamgawia mayai ya aina ya nzi weusi wasio na haja na chakula cha watu. Funza wao hunenepa kwa mabaki ya sokoni, na wana protini tele.

Tatizo lilikuwa mama mkwe, mwenye kiwanja, aliyewaonea funza kinyaa.

"Alinipa mpaka Jumapili," anasimulia. "Mabeseni yatoke, la sivyo bwawa lifukiwe. Na bila funza, bwawa lenyewe la nini?"

Kisha Mama Funza mwenyewe akaharibu zaidi. Funza hao wakikomaa hutafuta pakavu, na ukuta ukilowa wanaupanda bila shida. Yeye, kwa pupa ya kuwashibisha, aliwamwagia maganda yaliyojaa maji. Mabeseni alikuwa ameyapanga chini ya dirisha la mkwe wake, maana ndiko kwenye kivuli. Basi wakapanda beseni, wakapanda ukuta, wakaingia chumbani.

"Natandika kitanda, naona mto unatembea!" anadakia mama mkwe kutoka jikoni, naye kicheko kimembana.

Siku ile hakucheka hata kidogo. Aliwazoa kwa ufagio huku akifoka, akaenda kuwamwaga bwawani wafe maji. Bwawa likachafuka. Kambale walirukaruka, wakagombania, wakamlowesha bibi wa watu kuanzia kilemba hadi ndala. Mama Funza alisimama mlangoni, roho juu.

"Nikangoja nitukanwe. Mama akanigeukia, maji yanamchuruzika, akaniuliza, 'Mwanangu, wamebaki wengine?'"

Jumapili ikapita, hakikufukiwa kitu. Kambale sasa wamejaa minofu, na wateja wanawawekea oda wangali majini. Furaha ya nyumba hii inaambukiza. Hata mwandishi anajikuta ameshika funza kiganjani.

Mama Funza anapanga kuchimba bwawa la pili. Na kwa adabu, anasema, atayahamishia mabeseni kule kwenye uzio, mama apumzike.

"Kwenye uzio?" Mama mkwe anatoka jikoni na ndoo yake mkononi. "Yaache hapo hapo dirishani. Yakikaa mbali, nitawalishaje samaki wangu mapema?"

Mama Funza anamkonyeza mwandishi.

"Umemsikia? Eti samaki wake!"