Mkataba wa Miezi Mitano

Niliagwa mara mbili siku ile. Asubuhi kanisani, mchungaji aliniita mbele, na akina mama wa chama cha Mama wakanizunguka wakaniwekea mikono kichwani. Alasiri tukaagana tena nyumbani kwetu Makongeni, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo familia yetu imeishi tangu baba aajiriwe kwenye karakana ya reli. Baba alikuwa ameshafariki. Tulibaki mimi na Mama, lakini siku hiyo watu walijaa mpaka nje ya mlango, sahani za chapati na kuku zikipitishwa juu ya vichwa.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kwa miaka sita nilikuwa nimefundisha katika shule ndogo ya kibinafsi Mukuru kwa Reuben, shule ya mabati yenye watoto ambao wazazi wao husimama kila asubuhi kwenye mageti ya viwanda wakitafuta kibarua. Niliipenda kazi ile, ila tuliajiriwa muhula kwa muhula, na kila Desemba nilikaa nyumbani bila kujua kama Januari ningeitwa. Kwa hivyo shule moja ya Thailand iliponihoji kwa simu na kusema inataka mwalimu wa Kiingereza, nilikubali kabla hawajamaliza kusema. Mkataba wao ulianza katikati ya Mei na kuisha mwishoni mwa Machi. Kwa mtu wa mihula, hiyo ilikuwa kama ajira ya maisha.

Viza sikuwa nayo bado. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema. Barua kutoka shuleni ilikuwa njiani. Nikishaipata ningeipeleka ubalozini, na nilikuwa nimesikia kwamba siku chache zingetosha. Chama cha akina mama kilikuwa na nafasi Jumapili ile tu. Mama akasema, "Tukingoja karatasi, nusu yao watakuwa wameenda mashambani kupalilia." Tukaandaa sherehe, na nikawaambia watu nasafiri Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Jirani yetu wa mlango wa pili, mama kutoka Murang'a anayeuza mitumba katika soko la Gikomba, aliniletea sanduku kubwa la buluu lenye magurudumu. Nimemwita Anti tangu utotoni. "Zipu nimeijaribu mara kumi," aliniambia. "Ukifika huko usiseme limetoka Gikomba. Sema limetoka kwa mamako mdogo."

Barua ilifika Jumanne kwa barua pepe. Niliichapisha kwenye saiba, duka la intaneti la Jogoo Road, na kuisoma nikiwa nimesimama. Walikuwa wameandika majina yangu mawili. Pasipoti yangu ina matatu. Jina lililoachwa lilikuwa la baba.

Nilijiambia ni jambo dogo. Afisa wa ubalozi aliyeipokea dirishani alikuwa mpole. "Dada, barua na pasipoti lazima zifanane," alisema. "Waombe waandike upya. Ukiipata, njoo moja kwa moja."

Niliwaandikia siku hiyohiyo. Lakini aliyekuwa na mamlaka ya kutia sahihi alikuwa likizoni, na barua mpya ilihitaji muhuri mpya wa ofisi ya elimu ya kwao. Ilipofika hatimaye, tarehe ya kuanza kazi iliyoandikwa ndani yake ilikuwa imepita kwa siku tatu. Barua ya kuanza kazi siku iliyokwisha kupita haiombewi viza. Nikaomba nyingine. Badala yake nikapata ujumbe mfupi, wa adabu: wanafunzi hawakuweza kukaa bila mwalimu, wamepata mtu wa muhula wa kwanza, tafadhali nisubiri muhula wa pili, mwanzoni mwa Novemba.

Kufikia wakati huo, kwa watu wa mtaa, mimi nilikuwa nimeshaenda. Sikupanga kudanganya. Alhamisi niliyowaambia nitasafiri, niliona haya kutoka nje, nikasema nitakaa ndani siku mbili tatu hadi karatasi zitengenezwe. Siku mbili zikazaa nyingine. Mama alikwenda mferejini peke yake, na wanawake wenzake wakamuuliza, "Mwalimu alifika salama?" Mama ni mzee wa kanisa, hajui kusema uongo. Alijibu, "Mungu ni mwema," akainama kujaza mtungi wake. Akirudi nyumbani alikaa kitini bila kuvua leso, akanitazama.

"Nimelitaja jina la Mungu mara nne leo," aliniambia siku moja. "Sijui kama analipenda hilo."

Choo chetu kiko nje, tunakitumia na familia nyingine tatu. Nilikuwa nikienda alfajiri kabla watu hawajaamka, nimejifunika leso hadi machoni. Nilisahau kwamba wauza mitumba nao hutoka alfajiri kuwahi kufungua bale za nguo. Karibu wiki tatu baada ya kuagwa, nilikutana uso kwa uso na Anti.

"Nani huyo?"

Nikaivuta leso zaidi usoni.

"Mwalimu?"

"Ni mimi, Anti."

Aliweka gunia lake chini. "Wamekurudisha?"

"Sijaenda. Viza haijatoka. Nitaenda Novemba, labda."

Nilingoja acheke, au aulize lile sanduku liko wapi. Alinishika mkono. "Na siku zote hizi umekaa humo ndani kama kuku anayeatamia? Umemwibia nani?"

"Hakuna."

"Basi toka nje uote jua."

Nilidhani yameishia hapo. Alasiri alirudi mapema kutoka sokoni, akagonga mlango wetu, akanivuta hadi mferejini ambako wanawake sita au saba walikuwa wamepanga mitungi. Mmoja alipiga kelele kama ameona mzimu. Anti akasema kwa sauti ya mtu anayenadi nguo: "Karatasi za mwalimu zimechelewa. Ataenda Novemba. Mwenye swali aniulize mimi."

Mmoja alicheka, ni kweli. Lakini mwingine, mke wa karani wa kaunti, akasema pole, akasimulia jinsi kaka yake alivyongoja viza ya Uarabuni karibu miaka miwili, akawa anajificha kwa shangazi yake Kayole. "Na sisi tulikuwa tunajua yuko Kayole," alisema. "Tulimwacha tu ajifiche, tukaona labda inamsaidia." Hapo hata mimi nilicheka. Sikumbuki kama niliwahi kucheka tangu barua ile ifike.

Juma lililofuata nilikwenda Mukuru kumwona mwalimu mkuu wangu wa zamani. Darasa langu lilikuwa limepata mwalimu mwingine, aliyetia sahihi hadi mwisho wa mwaka.

"Siwezi kumwondoa," aliniambia kabla sijaketi. "Naye aliacha kazi mahali ili aje hapa."

"Sikuja kwa hilo, Madamu. Nimekuja tu kuwaona."

Alinisogezea kiti. Kisha akasema kuna watoto kumi na wawili wa darasa la tatu ambao hawajui kusoma, na kwamba hana mwalimu wa kukaa nao alasiri. Posho ingekuwa ndogo, ila chakula cha mchana kingekuwapo. Nilianza siku iliyofuata. Kuanzia Juni hadi Oktoba nilikaa na watoto wale nyuma ya jikoni, tukisoma silabi kwenye vipande vya makatoni. Watatu hawakufika mbali. Tisa walisoma. Kuna msichana aliyesoma neno "dirisha" peke yake, akainuka, akatoka nje kuligusa dirisha la ofisi, akarudi kuketi. Nikiulizwa leo ni kazi gani bora nimewahi kufanya, hutaja hiyo.

Mwezi wa Oktoba barua ikaja, majina matatu yote yakiwa mahali pake. Mkataba ulikuwa wa Novemba hadi Machi. Niliusoma mezani kwetu, Mama upande mmoja, Anti upande wa pili.

"Miezi mitano?" Anti alisema. "Hata mimba huchukua tisa."

"Na baada ya Machi?" Mama aliuliza.

"Wanasema huenda wakaongeza."

"Huenda," Mama akarudia, polepole, kama anayeonja chumvi ya mchuzi.

Nilifikiri kwa siku mbili. Hofu yangu haikuwa umbali. Nilikuwa nimeshaacha kazi mara moja kwa ajili ya karatasi, na sasa ningewaacha watoto wa silabi kwa ajili ya karatasi nyingine, fupi zaidi. Mwalimu mkuu ndiye aliyeniamulia. "Nenda," alisema. "Hapa mkataba wako ni wa wiki kwa wiki, na mimi ndiye ninayeuandika." Viza ilitoka ndani ya siku chache, kama nilivyosikia mwanzoni.

Huko nilifundisha watoto wa miaka saba na minane, wapole, wenye kicheko cha haraka. Walishindwa kulitamka jina langu, wakaniita Tichaa, jina lilelile walilonipa watoto wa Mukuru. Mwenzangu wa chumba cha jirani alikuwa mwalimu kutoka Ufilipino aliyekuwa nchini humo mwaka wa nane, kila mwaka kwa mkataba mpya. Yeye ndiye aliyenielewesha mambo yalivyo. Viza niliyoingia nayo ilikuwa ya siku tisini. Ndani ya siku hizo shule ilinitafutia kibali cha kazi, kisha ukaaji wangu ukaongezwa hadi siku ya mwisho ya mkataba, wala si siku moja zaidi.

"Mkataba ukifa, viza inakufa nao," aliniambia. "Kwa hivyo mimi sinunui kitu kisichoingia kwenye mkoba." Chumba chake kilikuwa na kitanda, birika na picha ya mwanawe. Miaka minane.

Machi shule iliniongezea mkataba, lakini wa kuanzia Mei. Kati ya hapo sikuwa mfanyakazi wala mgeni halali, kwa hiyo nilirudi Makongeni, nikaomba viza upya, nikarudi tena. Sasa nilikuwa mjanja: niliwaandikia mapema nikitaka barua kabla ya wiki ya kwanza ya Aprili, nikawatumia nakala ya pasipoti jina la baba likiwa limezungushiwa duara. Nilifanya hivyo mara mbili. Mikataba ilikuwa ya karibu mwaka, mshahara ulifika, watoto walijifunza. Sina la kulalamika kuhusu shule ile.

Kilichonishinda ni macho ya Mama. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Mwaka wa pili nilipokuwa nyumbani daktari alitaka kumpasua, lakini tarehe aliyoitoa iliangukia wiki ya kuanza kwa mkataba wangu, na Mama akaiahirisha bila kuniambia. Niligundua miezi baadaye, Anti aliponipigia simu kusema Mama amemimina chumvi kwenye chai ya wageni wa kanisa.

Machi iliyofuata mkataba mpya ulikuja kwenye simu yangu, na siku saba za kuutia sahihi. Tarehe mpya ya upasuaji ilikuwa katikati ya Mei. Niliiomba shule nianze wiki tatu baadaye. Mkuu wa shule aliniita ofisini, akanimiminia maji, akaniambia kwa masikitiko kwamba kibali changu kinaombwa kwa tarehe ya mkataba, na kwamba darasa halingeweza kungoja. Nilijua anasema kweli. Lilikuwa limeshindwa kuningoja tangu mwanzo.

Nilimpigia Mama. "Tia sahihi," alisema. "Jicho litangoja."

"Limengoja mwaka mzima, Mama."

"Basi limezoea."

Nilimwambia nitafikiri. Nilikuwa nimeshafikiri. Siku ya saba ilipita, sikutia sahihi. Mwenzangu wa Ufilipino alinisaidia kufunga mizigo, na alipofika kwenye kiti kidogo cha mianzi nilichokuwa nimenunua kwa ujeuri tu, tulicheka hadi tukaketi sakafuni. Nilimwachia. Hakuwa na mahali pa kukiweka, lakini alikipokea.

Kazi haikuja haraka. Nilikaa miezi minne nikipeleka barua shule hadi shule, na kuna siku nilitamani ningetia sahihi ile. Sasa ninafundisha karibu na Jogoo Road, kwa mkataba wa miaka miwili, mrefu kuliko yote niliyowahi kushika. Walimu wa mtaani huja kuniuliza habari za kwenda nje. Siwazuii. Ninakaa nao, tunasoma tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, tunahesabu siku za barua na siku za ubalozi, ninawaambia waangalie majina yao.

Lakini kabla ya kazi kulikuwa na ile asubuhi ya Mei, ya upasuaji wa Mama. Anti alifunga kibanda chake Gikomba siku nzima ili awe nasi hospitalini. Kesho yake muuguzi alimketisha Mama kwenye kiti karibu na dirisha, akaondoa bandeji ya jicho la kulia taratibu, akampangusa kwa pamba. Mama alipepesa kope. Akautazama ukuta, akamtazama Anti, kisha akageuka kwangu na kunikazia jicho moja kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua.

"Umekonda," alisema. "Na una mvi mbili hapo mbele. Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Anti akasema alikuwa ameziona, ila alidhani ni chaki.