Friza Yangu na Spika za Mume Wangu

Mume wangu ni fundi wa makochi. Akikuambia kochi litadumu, litadumu. Mtaani wanamwita Besi, kwa sababu ya spika zake mbili ndefu zilizosimama sebuleni kwetu kama wakwe waliokuja kudai jambo. Ukiuliza watu habari zake watakuambia ni mpole. Ni kweli. Hajawahi kuninyanyulia mkono wala kunitukana. Yote aliyonifanyia ameyafanya akitabasamu.

Kwenye kona ya sebule hiyo hiyo, chini ya dirisha, ilikaa friza yangu. Niliipata kwa kufua nguo za watu, miaka na miaka, mpaka viganja vikapasuka. Nilikuwa nagandisha barafu na kupoza maji ya kunywa. Muuza samaki alibisha hodi alfajiri, muuza juisi akafuata, mchana mama wa mgahawa akatuma mtu. Shule sikwenda, lakini kwa friza ile sikumwomba mtu hata hela ya chumvi.

Kilicholeta balaa ni mngurumo. Spika zilikuwa zinanguruma chini chini, mmmm, kama mzee aliyesinzia kwenye kiti. Besi alikosa raha. Akirudi kazini analala kifudifudi sakafuni, sikio kwenye spika, chakula kinapoa mezani. Mwisho akaenda mjini kwa muuza redio, na maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Huko akaambiwa umeme wa ukutani ni mchafu, na kile kikasha kidogo cha plastiki kinacholisha amplifaya yake hakiwezi kuusafisha. Akarudi amekumbatia sanduku la chuma kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Mama watoto, hili linasafisha umeme."

"Siku hizi umeme nao unafuliwa?"

"Wewe cheka tu. Utamsikia mwimbaji mpaka akimeza mate."

"Nina haja gani na mate ya mtu?"

Sasa, sanduku lilitaka soketi yake peke yake. Soketi nzima sebuleni ilikuwa moja, na redio na friza zilikuwa zinaichangia kwa waya wa kuongezea. Besi akasema friza ikakae kwa dada yake, mlango wa tatu kutoka kwetu, siku mbili tatu tu, fundi umeme aje atoboe ukuta aongeze soketi nyingine. Nikakubali. Wifi yangu aliipokea kwa mikono miwili, na mikono ile hakuiachia tena.

Jioni ile Besi akafungulia muziki. Mngurumo ulikuwa umekwisha. Machozi yalimlengalenga, naapa. Kesho yake akaanza kuleta watu wa karakana, mmoja mmoja, waje wasikie kazi ya sanduku. Wote walitikisa kichwa na kusema tofauti wanaisikia. Fundi umeme hakuja. Nikiuliza, naambiwa ana msiba, ana safari, ana homa.

Huku nyuma wateja walifuata barafu ilipo. Nilienda alfajiri moja kwa wifi nikakuta muuza samaki ameshahudumiwa.

"Wifi, nilijua umelala," akaniambia. "Nikaona haya kumrudisha mtu mikono mitupu."

Mara ya kwanza alinipa nusu ya mauzo, akasema nusu ni ya umeme wake. Baadaye umeme ukala yote.

Mimi ndiye niliyekuwa nikishinda ndani na redio ile na friza ile. Nilikuwa najua: friza ikiamka, spika zinanguruma, friza ikitulia, nazo zinatulia. Nikajiambia, nikimwonyesha kwamba sanduku halifanyi kitu, atalirudisha dukani na friza yangu itapata soketi yake. Jumapili walikuwepo wenzake wawili, mmoja mwenye kipara na mwingine mwembamba.

"Baba watoto, hebu rudisha kile kikasha cha zamani," nikasema. "Shemeji zangu wasikie tofauti."

Hilo alilipenda. Akachomoa sanduku, akachomeka kikasha, akakaa kama mwenye harusi. Wimbo ukatoka safi vile vile, na baina ya wimbo na wimbo kimya kitupu.

"Besi kaka, mbona ni ile ile?" mwenye kipara akauliza.

"Subiri ipate moto."

Tukasubiri.

"Imeshapata moto, imeiva, sasa inaungua," yule mwembamba akasema.

Hapo nikafungua kinywa. "Mngurumo ulikuwa wa friza. Lirudishe sanduku la watu, friza irudi. Saa zako za kusikiliza, mimi nitaizima."

Besi akaiangalia ile kona tupu. Kisha akainuka, akanikumbatia mbele za watu.

"Mke wangu ana akili! Muda wote natafuta ugonjwa, kumbe ni friza!"

"Basi iletwe leo."

"Iletwe ifanye nini? Si umesema mwenyewe ndiyo inayoharibu?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. "Shemeji," mwenye kipara akasema, "hapo umejifunga goli mwenyewe."

Sanduku nalo hakulirudisha. Eti hata kama halisaidii, linapendeza.

Asubuhi nikaenda na mtu wa mkokoteni. Wifi akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Kaka amesema ibaki."

"Kaka yako ndiye aliyeinunua?"

Akamwita. Besi akaja na sindano ya makochi imechomekwa kifuani, uso umejaa tabasamu. "Jamani, ninyi ni ndugu. Saidianeni." Akamlipa mtu wa mkokoteni kwa usumbufu, akarudi kazini.

Basi tunasaidiana. Wifi hawezi kuamka alfajiri, wala hajui muuza samaki anataka vipande vya ukubwa gani. Mimi ndiye ninayekwenda, navunja barafu, napeleka mgahawani kichwani, maji yananitiririka mgongoni. Yeye anakaa kwenye kochi alilotengenezewa na kaka yake, na mwisho wa wiki ananipa anachoona kinafaa.

Juzi nilikuwa nimeinama ndani ya friza, natoa maji ya mgahawa.

"Wifi, harakisha ufunike," akaniambia bila kugeuka. "Baridi inatoka."

Nikafunika.