Transista Ndani ya Sufuria ya Maharage

Nilirudi Biharamulo baada ya jopo la watahini kuirudisha tasnifu yangu ya uzamili. Mmoja wao alisema, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, kwamba vipimo vyangu vilikuwa vingi lakini haviaminiki. Tangu siku hiyo nilikuwa nikipima kila kitu mara mbili, kisha mara ya tatu kwa sababu ya ile ya pili.

Hata hivyo, kuna jambo moja sikulitilia shaka: biashara niliyoianzisha ilihitajika, na mimi ndiye niliyefaa kuifanya. Vipuri vya elektroniki ni vitu vidogo, na masafa ya kwetu ni marefu. Muuzaji wa jumla wa Mwanza huuza kwa pakiti. Fundi wa Runazi anataka kapasita mbili, wa Kasulo anataka transista mbili, na hakuna gari linalosimama kwa ajili ya kitu kinachoenea kiganjani. Isitoshe, bandia zimejaa sokoni: maandishi ya juu ni yale yale, cha ndani ni kingine. Mimi nilizigawa pakiti, nikapima kila kipuri, nikakisafirisha.

Tatizo lilikuwa hapo kwenye kusafirisha. Mwenye duka aliyenipangisha kona ya kaunta yake, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka pwani, alikuwa amenionya nilipokuja na bahasha zangu zilizoandikwa vizuri.

"Hivyo vidude, konda akivitia mfukoni, atavifua pamoja na suruali. Vifungie ndani ya kitu kikubwa, mtu akione."

Ndivyo wafanyavyo watu wa huku: ufunguo husafiri ndani ya unga, simu ndani ya mahindi. Nikaona ni busara.

Alhamisi moja alinipigia fundi wa Kasulo. Amplifaya ya parokia ilikuwa imeungua transista zake za kutolea sauti, na Jumapili kulikuwa na Kipaimara.

"Mhandisi," alisema, kwa maana ndivyo alivyoniita, nusu heshima, nusu utani, "hii ikinishinda wataipeleka Ngara mjini. Na ikienda huko, redio zote za Kasulo zitaifuata. Mimi nitabaki na meza."

Asubuhi ya Ijumaa nilipima transista mbili zenye kofia ya chuma, nikafunga kila moja katika nailoni yake, nikazizamisha katika mfuko wa maharage. Kwa mazoea yangu, maharage yenyewe niliyachambua kwanza, nikatoa kila kijiwe. Nikampa dereva wa mchomoko, magari yale madogo ya abiria, na kumwambia amkabidhi mama lishe wa Lusahunga, ambaye hupokea mizigo yetu na kuipakia kwenye malori yaendayo Rusumo kupitia Kasulo.

Mchana fundi akapiga tena: hakuna kilichofika. Nikampigia yule mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mzigo sijauona. Dereva kaniletea maharage tu. Asante sana, umenikumbuka!"

Ndipo nilipoelewa. Anayekupokelea mizigo siku zote hupewa kitu cha shambani kama shukrani, na maharage ndiyo shukrani ya kawaida kabisa. Yangu yalikuwa yamefika kwa aliyestahili kuyapata.

"Mama, yako wapi sasa?"

"Jikoni. Yalikuwa safi kweli, nikayamimina tu bila kuchambua."

Nilimweleza kilichokuwa ndani yake, nikapanda bodaboda. Nilipofika, sufuria ilikuwa imeepuliwa na mama alikuwa akizitafuta transista kwa upawa mrefu, madereva wa malori wamemzunguka.

"Mama, leo unatulisha redio?" mmoja aliuliza.

"Nyamaza wewe! Ukila hii utasema ukweli kwa mkeo, upende usipende."

Alizitoa moja baada ya nyingine, nailoni zimejikunja kwa joto. Nilizikausha kwa kanga yake, nikatoa mita yangu ya kupimia umeme, nikazipima juu ya meza ya chakula. Vipimo vilikuwa vile vile vya asubuhi. Transista ya chuma imezibwa; maji hayaingii, na joto la sufuria ni dogo kwa kitu kilichoundwa kufanya kazi kikiwa cha moto. Nilijua hivyo. Mkono wangu hata hivyo ulirudi kwenye mita.

"Mwalimu," aliniambia dereva aliyekuwa akielekea Rusumo, "pima, au panda."

Nikapanda.

Kasulo, fundi alinipokea mlangoni, akazinusa transista. "Zinanuka kitunguu. Una uhakika nazo?"

Nilikuwa na sentensi ndefu tayari, yenye masharti yake yote. Nikasema, "Nina uhakika."

Alizichomelea mahali pake. Kisha akaunganisha balbu kwenye waya wa umeme, kabla ya amplifaya, kama mafundi wafanyavyo: ikibaki inawaka sana, kuna shoti ndani na kazi imeharibika. Katekista aliyekuja kuifuata amplifaya alisimama nyuma yetu, kipaza sauti mkononi. Fundi akabonyeza swichi.

Balbu iliwaka kwa nguvu. Fundi akanitazama. Nami sikuitazama mita, nilimtazama yeye, kwa kuwa nilijua kwamba kapasita, zile zinazohifadhi umeme, zinapojaa lazima balbu iwake hivyo kwanza. Halafu mwanga ukafifia, ukabaki wekundu mwembamba ndani ya kioo.

Fundi akaiondoa balbu, akafungulia sauti. Katekista hakuhesabu moja, mbili, tatu.

"Wanakwaya wa sauti ya kwanza! Mazoezi kesho ni saa mbili. Si saa nne, saa mbili!"

Ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja akajibu kwa kelele kwamba amesikia, hakuna haja ya kumwaibisha. Fundi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akapunguza sauti na kuniuliza kama ninazo nyingine za namna ile, azihifadhi kama akiba. Nikamjibu kwamba ninazo.