Somo la Kusukuma na Kuvuta

Mwalimu wa darasa la kwanza hafungui mlango siku hizi. Husimama mbele yake, mikono nyuma, na kuuliza, “Nani atanionyesha kusukuma?” Watoto humiminika kama siafu, mlango ukafunguka. Droo nayo ni somo la kuvuta. Chaki huishika kwa vidole vyote, kama mtoto ashikavyo kijiko, na mkewe peke yake ndiye ajuaye nani humfungia vifungo vya shati asubuhi.

Jana mwalimu mkuu, aliyekwisha kusikia minong'ono kwamba mtu huyu hawezi kazi tena, alikuja kuketi nyuma ya darasa. Binti mmoja mwenye pengo akasukuma meza ndogo peke yake mpaka ukutani.

“Haya, zamu yako, Mwalimu! Vuta uirudishe!”

Akaishika, akavuta. Vidole vikateleza. Akavuta tena, jasho likimchuruzika puani, na meza haikutikisika.

“Mwalimu anatutania huyo,” mmoja akasema, lakini hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu akafunika kalamu yake.

“Kitu kisiposogea,” mwalimu akauliza taratibu, bila kugeuka, “tunasemaje?”

“Nguvu haitoshi, Mwalimu!” wakaitika wote kwa pamoja, kama alivyowafundisha.