Maharage ya Kwenye Kibuyu

Juzi nilikuwa Tunduma, nikisubiri mzigo uliokwama upande wa pili wa mpaka. Sijawahi kujua kukaa mahali pamoja, kwa hiyo nikaingia sokoni, na kabla sijajishtukia mkono wangu ulikuwa ndani ya gunia la maharage hadi kwenye kiwiko. Kama ulikulia huku kwetu unaijua raha hiyo, ubaridi wa punje kavu unaopanda taratibu kwenye mkono. Kama hukukulia huku, jaribu siku moja, ila muuzaji awe amegeuka.

Wangu alikuwa hajageuka. Alikuwa mama wa makamo, kajifunga ushungi wa kijani, na lafudhi yake ya Tanga ilikuwa haijaharibiwa na miaka yote ya baridi ya Tunduma.

"Dada, kama hununui mkono utoe. Hicho si kisima."

Nikautoa. Kiganjani zilibaki punje chache, zote za njano isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa na rangi ya maziwa, na mabaka ya zambarau. Niliitazama mpaka yule mama akaniuliza kama nimeona mdudu.

Bibi yangu, mama mzaa baba, alizaliwa Ikinga, kule Ileje, akaolewa Iyula, Mbozi. Alikuja kwa miguu, msichana bado, akisindikizwa na wakubwa wake, na kwenye pindo la nguo alikuwa amefunga maharage ya rangi hiyohiyo aliyopewa na mama yake. Mengine yote ya maisha yake yalikuja baada ya fundo lile. Alipanda kahawa na babu, akazaa watoto wengi na kuwazika baadhi yao, akamzika babu pia. Bei ya kahawa ilipoanguka, majirani waling'oa mibuni, yeye akapalilia ya kwake kama kawaida. Ilipopanda akajenga nyumba ya matofali. Aliimba kwaya ya kanisa mpaka sauti ikakwaruza, na aliposhauriwa apumzike alijibu kwamba Mungu hajalalamika. Wazazi wangu walipohamia Tunduma kwa ajili ya biashara, nilibaki kwake, na nikapafahamu jikoni kwake kuliko mahali pengine popote duniani.

Jiko lile lilikuwa banda la udongo nyuma ya nyumba ya matofali, ambamo hakupika hata siku moja. Asubuhi za mwezi wa sita ukungu ulikuwa unaingia mpaka mlangoni, nasi watoto tunagombea upande wa moto usio na moshi kabla ya kwenda kuchuma kahawa. Tulikunywa chai ya maziwa. Kahawa tuliichuma, tukaimenya, tukaianika, tukaitoa mawe, na hakuna aliyeionja. Mchana tulikula ugali na maharage, na parachichi limepondwa pembeni na chumvi. Juu ya moto kulikuwa na dari la miti lenye mahindi, na kwenye boriti ya dari kilining'inia kibuyu cheusi kwa moshi, kimezibwa kwa gunzi. Ndani yake, katika majivu, ndimo ilimokaa mbegu.

Kila baada ya mavuno bibi alikaa kwenye mkeka na kuchagua. Mengi yalikuwa ya kula, na tuliyala kwa furaha, kwa sababu yalikuwa laini na mchuzi wake mzito kama umetiwa karanga. Machache aliyoyapenda kwa macho yake aliyaweka pembeni, na hayo ndiyo yaliyoingia kwenye kibuyu. Binti wa nyumba akiolewa, bibi alikishusha, akamhesabia kiganja kimoja na kumfungia pindoni. Shangazi yangu mkubwa alipewa. Binamu zangu walipewa. Nilipokua ndipo nilipojua kwamba karibu wote waliyapika ndani ya mwaka, kisha wakanunua mbegu ya dukani inayozaa zaidi. Hawakumwambia.

Kulikuwa na miezi, mvua ikiwa imeshika na mahindi bado mabichi shambani, ambayo tulikula viazi mchana na viazi jioni. Sisi tulikaa chini, kibuyu kimejaa juu ya vichwa vyetu. Siku moja nikauliza kwa nini tusile yale.

"Hayo yana kazi," alisema.

"Kazi gani, bibi? Yanakaa tu."

"Na wewe unakaa tu, mbona sijakupika?"

Maswali yangu yalimchekesha zaidi ya kumchosha, na nadhani ndiyo maana sijaacha kuuliza. Niliporudi likizo kutoka chuoni, nimejaa vitabu, nilitaka kujua ana uhakika gani kwamba maharage yale ni yaleyale ya mama yake. Nyuki huchanganya chavua. Mashamba yanapakana. Nikamwambia hana ushahidi wowote.

"Wewe una ushahidi gani kwamba ni mjukuu wangu?"

"Cheti cha kuzaliwa."

"Alikiandika nani, nyuki?"

Kisha akaniambia kwamba fungu langu lipo. Nikamuuliza, nisipoolewa je? Akasema maharage hayaulizi mambo ya watu, nitayachukua siku nitakapokuwa na mahali pa kuyapanda. Wakati huo nilikuwa nakaa chumba cha kupanga Dar. Baadaye kikawa chumba cha kupanga Dodoma, baadaye Mbeya. Kila nilipokwenda kumsalimia alinyanyua macho kwenye boriti, akaniangalia, nami nikatikisa kichwa.

Alifariki katika miezi ileile ya viazi. Alilala mchana baada ya kutoka shambani na hakuamka, na kwa umri wake watu walisema hicho ni kifo cha kuombwa. Walikuja wengi, kutoka Ileje, Vwawa, Tunduma na ng'ambo ya mpaka. Siku ya pili chakula kikaanza kupungua huku mvua imefunga barabara. Shangazi, aliyesimamia mapishi, alisema watafute jikoni, mama yake hakosi kitu. Mke wa kaka yangu, msichana wa mjini aliyeolewa kwetu mwaka uliopita, akapanda juu ya kinu, akaona kibuyu. Akakishusha, akamimina, akaosha yale majivu kwa maji mengi. Alifanya kazi nzuri. Hakuna aliyewahi kumwambia kibuyu kile ni cha mbegu.

Nilikuwa nimekaa kwenye jamvi na wenzangu sahani ilipoletwa. Ulimi wangu ulitambua kabla ya kichwa. Kwa muda mfupi nilifurahi tu, kama mtoto aliyerudi kutoka kuchuma kahawa, nikamega tonge la pili. Kisha nikanyanyuka na sahani mkononi, nikaenda jikoni. Shangazi alikuwa amesimama anaangalia boriti.

"Umeonja?" akaniuliza.

"Nimeonja, shangazi."

"Yote?" akamuuliza mke wa kaka.

Yeye alikuwa amekishika kibuyu kitupu, anatuangalia mmoja mmoja. Shangazi akamnyang'anya taratibu, akakitikisa sikioni, akakiweka chini.

"Wapakulieni watu," akasema. "Kuyapika tumeshayapika. Tukiyamwaga ndiyo tutakuwa tumekosa mara mbili."

Baadaye mzee wa kanisa alinifariji kwamba bibi amewalisha wageni wake mwenyewe. Ni maneno mazuri, na familia bado inayarudia. Mimi siyaamini. Namfahamu bibi yangu. Angewapa wageni viazi, angewapa hata chai tupu, na kibuyu kingebaki pale juu.

Nilizunguka kwa shangazi na binamu wote, kila mmoja akanionyesha mbegu ya dukani. Nilikwenda mpaka Ikinga, kwenye boma alikozaliwa. Walinikaribisha vizuri sana, wakanichinjia kuku, wakanipikia maharage ya njano.

Kwa hiyo utanielewa nilivyosimama pale Tunduma na punje moja kiganjani. Niligeuza gunia nikapata nyingine zinazofanana nayo, kama nusu ya kiganja. Nilijaribu kukumbuka kama mabaka yalizunguka kitovu cha punje au yaliishia ubavuni. Nilikaa kwenye mkeka ule miaka yote ya utoto wangu na sikumbuki. Nilikuwa nauliza kwa nini anachagua. Sikuwahi kutazama anachagua nini.

"Haya yanatoka wapi, mama?"

"Huku na huku, mwanangu. Ileje, Mbozi, Zambia. Yakishafika hapa ni maharage."

Huenda yalikuwa ndiyo yenyewe. Huenda binamu mmoja aliuza debe moja zamani, yakazaliana shambani kwa watu wasiojua jina la bibi yangu. Aliyeweza kuyaangalia na kusema ndiyo au siyo tumemzika Iyula, nyuma ya mibuni.

Yule mama alikuwa amekwisha kunyoosha mfuko wa karatasi. Alinihurumia, nadhani, kwa sababu alizimimina zile punje zangu humo bila kuzipima.

"Ya kupika au ya kupanda?" akauliza.

Nikafikiria chumba changu cha kupanga.

"Ya kupika," nikasema.