Gego la Naisula

Naisula, fundi cherehani wa Moshono, si mtu wa kulalamika. Lakini gego lake la mwisho, la chini upande wa kulia, lilipoanza kumchoma, hata kupitisha uzi kwenye sindano kulimshinda.

Daktari wa meno wa mjini alimwonyesha picha. Gego limelala ubavu, linasukuma jirani yake. "Tutoe magego yote manne ya mwisho, mama. Hayo mengine leo hayaumi, kesho yatauma."

Akakubali. Kisha shoga yake Aika akamshauri amwone daktari mwingine, kule Elerai. Huyo akasema, "Yasiyokusumbua yaache. La kutoa ni hili, ila liko karibu na mshipa wa fahamu. Mdomo unaweza kufa ganzi, na mara chache sana ganzi haiishi."

"Sasa nitoe, nisitoe?"

"Uamuzi ni wako, dada."

Alitoka pale kichwa kinamzunguka. Mumewe, Gadiel, alisema atoe. Alipomwona analia, akasema basi asitoe. Mwishowe akapanda Ilboru kwa bibi yake, akamkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, koko."

"Marahaba, mjukuu wangu. Shavu limekuwaje?"

Alipomaliza kueleza, bibi alicheka, pengo la meno mawili ya chini likaonekana, yale waliyotolewa watoto wa Waarusha wa enzi zake. "Mimi nilishikwa tu, yakatoka. Sikuulizwa."

"Ungeulizwa ungesema nini?"

Bibi aliacha mahindi. Akapitisha kidole kwenye pengo, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu. "Sijui," alisema. "Hebu nisaidie haya mahindi."

Wiki ile maumivu yakatulia. Naisula akamshukuru Mungu, akasema limepona lenyewe. Jumapili, kanisani, katikati ya wimbo, likamchoma hadi akashika kiti cha mbele.

Kesho yake alirudi Elerai. "Hilo moja tu," alisema, akafumba macho.

Mdomo ulikaa na ganzi kwa muda, ukarudi kidogo kidogo. Kipande cha kidevu, kama ukubwa wa shanga, hakijarudi mpaka leo. Akinywa chai inammwagikia hapo bila yeye kujua, na Gadiel humfuta.

"Ulifanya vizuri kutoa?" alimuuliza juzi.

Naisula alifikiri. "Haliumi tena," alisema. "Ila vizuri... hata sijui, baba Lemayian. Hayo matatu nayo nifanyeje?"

Gadiel akamsogezea kikombe cha chai, kitambaa tayari mkononi.